Kiti Chekundu cha Mama Gathoni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambapo vijana wa kwaya walimnyanyua mama wa watu kutoka kwenye kiti cha gari nilichokishona kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa nje ya kanisa moja kule Dagoretti, uwanja umejaa watu waliovalia nguo zao nzuri. Kiti hakikuwa na kasoro hata moja. Ndiyo maana mpaka leo nikiikumbuka siku hiyo bado naona haya.

Keti nikueleze, maana sitaki ujifunze kwa njia niliyojifunzia mimi.

Wakati huo, miaka ya elfu mbili na kitu, nilikuwa msichana bado sijaolewa, na nilikuwa na banda langu la mabati Uthiru, kando ya Waiyaki Way. Kazi ya viti nilifundishwa na mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza makochi Dagoretti Corner. Kutoka makochi nikaingia viti vya magari, na kusema kweli nilikuwa naijua kazi. Watu walitoka hata Karen, kwa matajiri, kunitafuta, na wakifika wanauliza fundi yuko wapi, nami nimesimama mbele yao na mkasi mkononi. Nilikuwa nawaacha wazunguke banda kwanza, halafu ndipo niwaambie. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa sana.

Basi siku moja akaja Mzee Karanja. Alikuwa amestaafu kazi ya upimaji ardhi, mzee mrefu, mwenye koti hata jua likiwaka, aliyeishi Dagoretti kwenye shamba la babu yake. Alikuwa na gari dogo la spoti, la Kiingereza, la viti viwili tu, paa lake turubai la kukunja. Gari hilo aliliazima kwa bosi wake Mzungu siku ya harusi, likamtoa kanisani na bibi harusi wake, na baadaye bosi aliporudi kwao akamwuzia. Lakini lilikuwa limelala ghalani miaka mingi. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha abiria. Injini ilikuwa imeshafufuliwa na mafundi wengine. Vilivyobaki ni viti, navyo vilikuwa springi zilizochomoza na sponji iliyogeuka unga.

Alinipa picha ya harusi yake. Akataka viti vile vile vya kwenye picha: ngozi nyekundu, ukanda mweupe kwenye mishono, vikae chini kabisa na vimbane mtu mbavuni kama ilivyo desturi ya magari ya mbio. Yeye na mkewe walikuwa wanakaribia kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Ibada ya shukrani ilikuwa imepangwa, na alitaka kumpeleka mkewe kanisani kwa gari lile lile.

"Nataka iwe sapraizi, fundi," aliniambia. "Usimwambie kitu."

Uso wake ulikuwa umegeuka uso wa kijana. Ningekataaje?

Bolti za viti zilikuwa zimeshikwa na kutu, kwa hivyo ilinibidi niende nyumbani kwake kupima. Mkewe aliambiwa kwamba mimi ni fundi wa makochi. Watu walimwita Mama Gathoni, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alinikaribisha ndani kwa chai na nduma. Makochi yake, mwanangu, yalikuwa mazuri, yamefunikwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe, lakini yeye hakukaa juu ya hata moja. Alikaa kwenye kiti cha mbao cha jikoni, kirefu, chenye mto mgumu juu yake. Alipotaka kuinuka aniongezee chai, alishika meza kwa mikono miwili, akasukuma, akatulia, akasukuma tena. Nyonga ilikuwa imemharibikia. Akaniambia kwa kicheko kwamba siku hizi makochi ni ya wageni, yeye akiyaingia hatoki.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na bado sikutazama. Nilimaliza nduma yangu nikatoka kwenda ghalani kupima kiti.

Usidhani wazo halikunijia. Lilinijia, tena zaidi ya mara moja, nikiwa na ngozi mezani na chaki mkononi: huyu mama atatokaje humu? Nikajijibu kwamba mwenye gari ni mzee, mwenye mke ni mzee, na mimi ni fundi tu. Tena Mkamba katika boma la Wakikuyu, msichana asiye na mume. Niende kumfundisha mzee wa watu habari za nyonga ya mkewe? Hiyo niliiita heshima.

Lakini heshima ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimekipenda kiti. Nilitaka kitoke kama cha kwenye picha, na katika picha hiyo aliyekikalia ni msichana mwembamba mwenye shela, wala si mama mwenye maumivu ya nyonga. Nilishuka mjini nikazunguka vichochoro vya barabara ya Kirinyaga mpaka nikapata uzi mweupe wa unene nilioutaka. Viti vilipokamilika nilivikalia vyote viwili, kimoja baada ya kingine, nikaona hakuna fundi mwingine Nairobi hii.

Jumapili ikafika. Mzee alinialika, nami nilikuwepo uani kwake alipolivuta nyuma lile turubai la paa, viti vikaonekana. Mama Gathoni alishika mdomo, akalia kidogo, akamwita mumewe kwa jina la ujana wake. Kuingia hakukuwa na shida, kwa sababu kuingia kwenye kiti kama kile ni kujiachia tu. Wakatangulia. Mimi na binti yao Gathoni tukafuata kwa gari lake la kawaida, na njia nzima watu waliwapungia mikono. Nilikuwa nimevimba kichwa, usiniulize.

Mbele ya kanisa ndipo mambo yalipoharibika. Mzee alizunguka, akafungua mlango, akampa mkewe mkono, akamvuta. Mama hakutoka. Magoti yake yalikuwa juu kuliko kiuno, ukingo wa kiti umembana paja, na hapakuwa na mahali pa kushika. Mzee akavuta tena, na mama akatoa sauti ya maumivu. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakiimba kuwalaki walinyamaza mmoja mmoja. Mwishowe vijana wa kwaya walikuja wakamshika makwapa na magoti, wakamnyanyua kama mgonjwa, gauni likampanda. Gathoni alivua shali yake haraka akamfunika mama yake miguu.

Hakulia. Alikaa wima ibada nzima, akapokea zawadi, akakata keki. Baadaye watu wakiwa wanakula akamtuma Gathoni aniite. Nilimkuta peke yake kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa hema. Nikaanza kujitetea, kwamba mzee alitaka iwe siri, kwamba nilifuata picha niliyopewa. Akaniacha nimalize.

"Mueni, ulikunywa chai yangu," akasema. "Uliniona vile nainuka. Si uliniona?"

Nikasema nilimwona.

"Mzee anataka kuniona vile nilikuwa. Huyo ni bwana yangu, namwelewa. Lakini wewe ulikuja kwangu na tepu yako, ukapima kila kitu. Mimi hukunipima."

Nimewahi kutukanwa na wateja, mwanangu. Mmoja alinirushia kiti kizima. Lakini hakuna aliyeniumiza kama mama yule, ambaye hata sauti hakuipandisha. Nikasema pole. Akaipokea, akanisukumia sahani ya pilau, akaniambia nile. Nikala.

Siku hiyo hiyo nilimwendea mzee nikamwambia nitakifungua kiti nikiinue. Akakataa. Aibu ilikuwa imemgeukia kuwa ukaidi, nadhani, maana hakunitazama usoni. Akasema gari lile likiguswa halitakuwa lile tena, na kwamba mkewe atazoea, ni mazoezi tu. Mama Gathoni alikuwa amesimama karibu, ameegemea mkono wa binti yake.

"Basi hiyo kiti yako iende kanisa na wewe," akamwambia, kisha akaenda kupanda gari la Gathoni.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumapili Mzee Karanja aliendesha gari lake hadi kanisani, kiti chekundu kitupu ubavuni mwake, mkewe akija nyuma na binti yao. Watu wa huko waliniletea habari hizo bandani, wengine wakizicheka. Mimi sikuweza kucheka. Wazee wale walikuwa wamevumiliana miaka arobaini, katika njaa na shibe, na sasa kiti changu kizuri kilikuwa kimewatenganisha. Kama mzee angeshikilia neno lake, wangekwenda hivyo hivyo mpaka mmoja wao azikwe. Nilishona viti vya watu wengine nikiwaza kile kimoja.

Mvua ndefu ikaja, ikaisha. Asubuhi moja nikiwa naweka mafuta cherehani, nikaona mlango umepata giza. Mzee Karanja alikuwa amesimama pale amekikumbatia kiti kifuani, koti lake limejaa kutu. Alikuwa amezifungua zile bolti mwenyewe. Nyuma yake Gathoni alikuwa akimsaidia mama yake kuvuka mtaro. Mzee akakiweka kiti juu ya meza yangu ya kazi, akavuta pumzi.

"Nimechoka kuendesha kiti," akasema.

Nikampa stuli akakaa pembeni, kofia magotini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikata mishono yangu yote mizuri, nikang'oa sponji, nikaiweka fremu juu ya matofali iwe na kimo kile kile cha garini. Kisha nikamwomba Mama Gathoni akae. Niliweka kipande cha sponji ngumu, akakaa, akainuka kwa taabu. Nikaongeza kingine. Akaniambia hapa panamchoma, pale pamezidi, huku mbele pashushwe ili nyayo zifike chini. Upande wa mlango nikaukata ule ukingo wote ukawa bapa, ili aweze kugeuka miguu yote miwili itangulie. Tulibishana sana juu ya mgongo wa kiti, na alinishinda. Gathoni alicheka mpaka akatoka nje. Kazi ilituchukua mpaka alasiri, lakini mwishowe alikaa, akageuka, akasukuma mara moja, akasimama. Hakushika meza wala mkono wa mtu. Mzee Karanja alivua miwani akaifuta na kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

Sikufichi, gari lilipoteza sura. Kiti kimoja kilikuwa juu na kingine chini. Kichwa cha Mama Gathoni kilizidi kioo cha mbele, ikambidi awe anafunga kilemba chake kwa pini. Wapenzi wa magari ya zamani walipokuja kuliona walisikitika, wakamwambia mzee ameliharibu. Yeye aliwajibu kwamba gari la viti viwili ni la watu wawili, akawapa chai. Na siku moja niliwaona wenyewe wakipita mbele ya banda langu, mama kule juu akizungumza na kunyoosha kidole, mzee kule chini akitikisa kichwa kukubali. Hawakuniona. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku niliyovikalia viti vile nikijisifu.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujamtendea mtu wema, muulize yeye mwenyewe, hata kama aliyekutuma ni mumewe, au mwanawe, au mkubwa wako kazini. Nimeona watoto wa watu wamemjengea mama yao ghorofa kule nyumbani, vyumba vya kulala juu, ngazi za vigae vinavyoteleza. Wakapiga picha, wakarudi mjini wameridhika. Mama analala kwenye jiko lake la zamani, karibu na mbuzi wake, na anaogopa kuwaambia. Walimpenda, lakini hawakumwuliza.

Tena ukiona jambo kwa macho yako, usikae kimya halafu ukakiita kimya hicho heshima. Heshima ilikuwa nimvute mzee kando nimwambie kwa sauti ya chini, "Mzee, nimeona mama anainuka kwa shida." Angenikasirikia kidogo, labda angenifukuza. Hilo lingekuwa jambo dogo kuliko vijana wale na gauni lile. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usiitetee kazi yako kwa kuwa ni nzuri. Ifumue mbele ya yule uliyemkosea, na umwache akuelekeze mahali pa kukata.

Haya, nenda. Mungu aibariki mikono yako na ayazibue masikio yako. Akujalie uzee mrefu, na uzee huo ukukute na mtu ubavuni wa kubishana naye njia nzima.