Ng'ombe Wasio na Nundu

Baba alisema atatujibu Jumapili, akishaona mwisho wa yule mzee wa kwenye video. Alisema "akishaona", yeye ambaye presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na vivuli tu, na mimi na kaka yangu tukatazamana juu ya kichwa chake bila kucheka. Jibu lenyewe lilihusu maisha yake: kama atabaki Mvumi na ng'ombe wake, au ng'ombe watauzwa na yeye ahamie Dodoma mjini kwa kaka, ambaye anafanya kazi wizarani kule Mtumba. Na mwisho wa yule mzee wa kwenye video ulikuwa mdomoni mwangu, maana mtafsiri ni mimi.

Nina banda la video. Wengine huliita kibanda umiza na siwalaumu, kwa sababu mabenchi yangu hayana pa kuegemea na bati linachemka tangu saa sita mchana. Madirisha nimeyaziba kwa magunia ili picha ionekane. Filamu nyingi siku hizi zinakuja zimeshatafsiriwa na vijana wa mjini, lakini mimi ni mbishi. Zangu nazitafsiri mwenyewe, kipaza sauti mkononi, nikisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Watu wananiita DJ, ingawa sijawahi kupiga muziki hata kwenye kipaimara.

Hadithi iliyoiteka Mvumi kiangazi kile ilikuwa ya nchi ya baridi ambayo mpaka leo sijui iko wapi kwenye ramani. Palikuwa na mzee mfugaji, mgane, mwenye wana wawili, nyumba ya mbao mlimani, na kundi la ng'ombe wanene wasio na nundu. Ng'ombe ndio walioleta watu. Wazee ambao hawakuwahi kukanyaga bandani kwangu walikuja na fimbo zao, wakakaa mbele na kuwakagua. "Yule mwekundu ana mimba," walikuwa wakisema, "mbona anamswaga hivyo?" Kila Jumapili baada ya ibada nilionyesha sehemu moja, na wiki nzima iliyofuata watu waliijadili kisimani na mashineni.

Sehemu ya kwanza niliitafsiri kama ilivyoandikwa. Kijana mkubwa anaingia ndani, baba yake amekaa mezani, kijana anauliza, "Farasi wangu yuko wapi?" Nikasema hivyo hivyo. Banda zima likaguna.

"Hata shikamoo?" akauliza muuza vitambaa mmoja kutoka Kondoa, ambaye hukaa karibu na mlango ili alichungulie duka lake. "DJ, huyo mtoto kalelewa na nani?"

Hawakuweza kuendelea. Wakajadili malezi ya yule kijana mpaka farasi akapatikana bila sisi kujua alipatikanaje. Kuanzia siku hiyo nikawa natia shikamoo. Kijana akifungua mdomo, naamkia kwanza kwa niaba yake. Mgeni akifika kwenye ile nyumba ya mbao na hakuna anayemkaribisha, nilimkaribisha mimi. Mtu akianza kula peke yake, nilimsemesha "karibuni chakula", na banda likajibu "asante, tumeshiba". Kufikia sehemu ya tatu wale watu wa baridi walikuwa Watanzania kabisa. Walichokosa ni vitambulisho vya taifa, na hata sisi wengine tulikuwa bado tunavisubiri.

Nilipenda kusimama kando ya televisheni na kuwaangalia watazamaji kuliko picha. Bandani kwangu wanakaa Wagogo, Warangi, Wasukuma waliofuata malisho, walimu na manesi kutoka mikoa ambayo sijafika. Kwenye siasa hawaelewani, na kwenye mpira ndiyo usiseme. Lakini yule kijana alipompandishia baba yake sauti, walishtuka wote kwa pamoja, na hakuna aliyemuuliza jirani yake kama lile ni kosa. Nilijisikia fahari. Nilisema moyoni, kumbe nchi ni hii, na mimi ndiye ninayeishikia kipaza sauti.

Hadithi ilipokaribia mwisho ndipo kaka alipokuja na jambo lake. Baba alikuwa ametumbukia korongoni akimfuata ndama, akakaa humo mpaka mchunga ng'ombe wetu alipomsikia akiita. Hakuvunjika, ila alichubuka uso wote. Kaka alifika kesho yake na gari, akaingia kwenye tembe ya Baba, akakaa kwenye kigoda bila hata kuvua koti la ofisi.

"Baba, huoni," alisema. "Ng'ombe wauzwe. Uje ukae kwangu, kuna chumba, kuna wajukuu."

"Na boma libaki na nani?" niliuliza mimi. "Popo?"

"Wewe si upo?"

"Mimi ni mdogo. Boma lisilo na mzee watu wataliita mahame."

Tulibishana mpaka uji ukapoa. Mimi ndiye ninayeishi na Baba uwanja mmoja. Kila asubuhi nampelekea uji, namwamkia, ndiyo naenda bandani kwangu, na jioni nahakikisha ng'ombe wameingia zizini. Kaka huja mwisho wa mwezi, mara nyingine hata huo unampita. Iliniuma kwamba mtu wa kuja na kuondoka ndiye apange. Na Baba, katikati yetu, akasema ile kauli yake ya kusubiri Jumapili ya mwisho.

Mvumi hakuna siri. Kabla ya wiki kwisha kila mtu alijua kwamba Baba, ambaye kila Jumapili alikaa mstari wa mbele akisikiliza, atatoa uamuzi kutokana na video.

Mimi huitazama filamu peke yangu kwanza kabla ya kuionyesha. Jumamosi nikaiweka sehemu ya mwisho, nikaiangalia yote. Yule kijana mkubwa anauza ng'ombe wote. Malori yanakuja kuwapakia. Halafu anamtia baba yake kwenye gari, anampeleka kwenye jumba kubwa lenye bustani, wamejaa wazee wengine na manesi wenye sare. Anamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, anambusu kwenye paji la uso, anaondoka. Na muziki ni wa furaha! Waliotengeneza ile filamu walikusudia tufurahi, kwamba mzee sasa yuko salama. Niliizima televisheni, nikakaa pale gizani na hasira zangu.

Jumapili asubuhi nilikuwa nafagia banda kaka alipoingia.

"Umeshaiona?"

"Nimeiona."

"Na mimi. Ofisini wameimaliza wote kwenye simu. Watu wamelia, mdogo wangu." Akashusha sauti. "Ipindishe."

"Niipindishe vipi?"

"Sema lile jumba ni la mwanawe. Wale ni ndugu na wakwe."

"Wale vikongwe wenye magongo ni wakwe?"

"Wewe umewafundisha Wazungu shikamoo, leo unashindwa nini?" Alinishika mkono, na niliona hatanii. "Mimi simpeleki Baba kwa manesi. Nampeleka kwangu, kwa wanangu. Ukiisema ilivyo, atadhani ndiyo safari yake hiyo. Hatakubali kamwe."

Nilijua hilo, na ndilo nililolitaka. Sehemu zote nilikuwa nimeongeza chumvi bila kuombwa, na siku hiyo moja nilitamani kuwa mtafsiri mwaminifu. Ukweli ukiwa upande wako ni mtamu kuusema. Nilimjibu kaka kwamba kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa, nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Mchana banda lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Baba alikuwa mahali pake, mstari wa mbele, karibu kabisa na spika, fimbo katikati ya magoti. Kaka alikaa kando yake, shati limelowa mgongoni. Nilianza. Malori yalipofika zizini, wazee waligeuza nyuso. Ng'ombe mmoja aligoma kupanda, akapigwa, na mtu nyuma akasema "Jamani!" kama aliyechomwa na mwiba.

Gari likasimama mbele ya jumba. Kijana akamfungulia baba yake mlango. Maandishi yakapita: hapa ndipo nyumbani kwako sasa. Niliyasoma kimoyomoyo. Nikainua kipaza sauti, na sauti ikagoma. Namwona Baba ameinamisha kichwa kuelekea spika, anasubiri, na kaka ananitazama kama mtu anayeomba maji. Maandishi yakapita mengine, na mengine. Spika ikabaki inavuma tu.

"DJ, anasemaje?" wakauliza.

"Hata asiposema, si tunaona?" Yule muuza vitambaa alisimama. "Anamtupa baba yake!"

"Kumtupa vipi?" nesi mmoja wa hospitali akamjibu. "Pale atapewa dawa kwa wakati. Nyie mnaolia hapa, wazee wenu mmewaacha na nani huko kwenu?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwalimu akamwambia nesi hana adabu. Mama mmoja akaanza kulia, kumbe mama yake yuko Singida na hajamwona tangu mvua za mwaka juzi. Kisha mtu, sikumwona ni nani, akamnyooshea kaka kidole: "Na wewe wa Mtumba, ndiko unakompeleka mzee wetu?" Benchi la nyuma likapiga makofi. Kaka akainuka, ngumi amezikunja. Niliisimamisha picha. Niliogopa kweli, maana banda lina mlango mmoja, na watu walikuwa wameshaanza kusukumana.

Baba akapiga fimbo kwenye spika. Ilitoa mlio mbaya na watu wakanyamaza.

"Yule mzee mwenyewe," alisema, "yeye anasema nini?"

Niliitazama picha iliyoganda. Mzee amekaa dirishani, mdomo ameufunga. Nikarudi moyoni tangu sehemu ya kwanza, nikitafuta.

"Hajasema kitu, Baba. Hakuna aliyemuuliza."

"Haya. Na mimi je?"

Kaka alikaa. Mimi nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti, nikakiinua, na swali likatoka kubwa kupitia spika, banda zima na nje: "Baba, unataka kukaa wapi?"

"Zima hicho kitu kwanza."

Nikakizima.

"Sasa niulize."

Nilimuuliza tena. Sauti yangu yenyewe ilikuwa ndogo, nikaionea aibu.

"Mwanangu," Baba alisema, taratibu, kama hakuna mtu mwingine mle ndani, "mimi katika hii video yako sijamwona hata ng'ombe mmoja. Naona mwanga unachezacheza. Nimekuja Jumapili zote kwa sababu hapa ndipo unapozungumza. Nyumbani unaweka uji mlangoni, unasema shikamoo Baba, unaondoka. Marahaba yangu inakuta umeshafika nje."

Hakuna aliyeguna. Banda lile lililokuwa linadai shikamoo kwa kila kijana wa kwenye video sasa lilitazama chini.

"Tangu tumzike mama yenu," aliendelea, "ile nyumba haisemi. Kwa kaka yako kuna watoto. Nimewasikia kwenye simu, wana kelele nyingi. Nitakwenda kwenye kelele." Kaka akamshika bega, na Baba akamgeukia. "Lakini ng'ombe hawauzwi. Si wa video hawa." Halafu akanielekezea uso mimi, karibu kabisa na mahali nilipokuwa nimesimama, ingawa hakuniona. "Wabaki na wewe. Wewe ni mtu wa maneno, uwasemeshe."

Watu walicheka kidogo, kwa shukrani. Mimi sikuweza. Sehemu ile ya mwisho sikuimalizia, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuniuliza iliishaje.

Kaka alimchukua kesho yake asubuhi. Nilileta uji, nikauweka mkononi mwake badala ya mlangoni, nikachuchumaa. Alikunywa wote. Kisha gari likaondoka kuelekea mjini, na mimi nikabaki nimeshika kikombe, nalia uwanjani mbele ya mchunga ng'ombe bila kujificha.

Sasa kila jioni ng'ombe wakishaingia zizini, napiga simu. Namweleza yupi ana mimba, yupi anachechemea, yupi kaingia shamba la jirani. Nyuma yake nasikia wajukuu wanapigania kitu. Lakini kabla ya hayo yote nasema, "Shikamoo, Baba." Baba hana haraka. Wakati mwingine anakohoa kwanza, anawanyamazisha watoto, anatafuta mahali pa kukaa. Mimi nimesimama kando ya zizi, simu sikioni, nasubiri.