Siku Wifi Alipomfupisha Kanali

Nchi yetu ilipopinduliwa, mimi nilikuwa namsuka wifi yangu. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba sikuhusika. Siku hizi kila mtu anadai alijua, alinusa, alidokezwa na binamu yake wa jeshini. Mimi nilikuwa na chanuo mdomoni na kichwa cha wifi mapajani, na redio ilikuwa inapiga muziki wa gwaride tangu asubuhi bila mtu kutuambia sherehe ni ya nani.

Hatimaye sauti ikatueleza. Kamati ya Kunyoosha Nchi imeshika madaraka. Rais yuko mahali salama, utadhani mwenyewe aliomba likizo. Katiba imesimamishwa ili isiharibike. Simu zimezimwa kwa ajili ya utulivu wetu. Kuanzia magharibi hadi alfajiri hakuna kutoka nje, na yeyote atakayeamriwa kusimama asisimame, askari wameruhusiwa kutumia risasi.

Hapo niliacha kusuka. Wifi aligeuka, akaniangalia. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, ni kiziwi tangu utotoni. Alikuwa ameondoka alfajiri na mkoba wake wa vifaa kwenda kurekebisha makochi ya hoteli moja ng'ambo ya daraja. Tangazo la redio hakulisikia. Na hiyo "simama" hata ikipigiwa kelele na kikosi kizima nyuma ya kisogo chake, yeye angeendelea kutembea zake.

Wifi yangu mnamfahamu, ila hamjui kama mnamfahamu. Ni yule mwanamke wa kwenye kiduara pembeni mwa skrini, mkalimani wa lugha ya ishara wa televisheni ya taifa, ambaye watu humtazama wakichoka kumtazama rais. Kazi hiyo alikuja kuisomea ukubwani, lakini alikuwa ameshaianza jikoni kwao. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kipaji cha kugomba. Aliweza kuanza na sufuria moja isiyooshwa akamalizia na ukoo mzima wa upande wa baba. Wifi, mtoto mdogo wa kike, alisimama katikati akimtafsiria kaka yake kwa mikono, na kaka alipokea ujumbe mmoja tu: "Osha sufuria." Anaosha. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwa mshangao kwamba huyu asiyesikia ndiye msikivu kuliko wote.

Tabia ya kufupisha haikumtoka. Rais wetu aliyeko mahali salama alipenda kuhutubia mpaka viti vikapata moto, na viziwi wa nchi hii wakaambiwa, "Anarudia ya mwaka jana." Hakuna aliyewahi kulalamika. Wenye masikio hawajui ishara, na wenye ishara walikuwa wanashukuru.

Basi mchana gari la jeshi likasimama mlangoni kwetu. Kanali aliyeongoza hiyo Kamati alikuwa anajiandaa kulihutubia taifa na alitaka kila kitu kionekane cha kawaida, mpaka kiduara. Nadhani aliona mapinduzi bila mkalimani yangekuwa ya kishamba.

"Niacheni basi nimaliziwe upande huu," wifi alisema akionyesha kichwa, nusu kimesukwa mistari safi, nusu kimesimama kama kimeona jini.

"Mama, nchi haiwezi kusubiri nywele," askari alijibu, na kwa kweli alikuwa na adabu.

Mlangoni wifi alinishika mkono. "Washa televisheni, wifi. Angalia mikono. Nywele achana nazo."

Sebule yangu ikajaa. Kila nchi ikiingia matatani watu hutafuta televisheni ya jirani, na wa kwanza kufika alikuwa muuza vipuri wa nyumba ya pili, tunayemwita Mchambuzi. Huyu bwana huelewa kila jambo. Alikalia kiti cha mume wangu, akanyoosha miguu, akatufafanulia kwamba haya si mapinduzi bali ni marekebisho ya kitaasisi, na kwamba yeye aliyatabiri tangu bei ya matairi ilipopanda.

"Hali ni shwari kabisa," alisema. "Ni yule mmoja tu wa darajani."

"Yupi wa darajani?"

"Kapigwa risasi. Kaambiwa simama, kakaidi. Watu wengine wabishi sana, shemeji. Mtu ana mkoba begani, anaambiwa simama, yeye anaenda tu."

"Mkoba gani?"

"Mkoba tu. Wa kifundi fundi hivi."

Nilikaa sakafuni. Yeye akadhani nimekaa kusikiliza, akafurahi, akaingia kwenye historia ya majeshi duniani. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Kisha Kanali akatokea. Mezani karatasi, nyuma yake safu ya askari wenye miwani ya jua ndani ya nyumba, na pembeni, kwenye kiduara, wifi yangu na kichwa chake nusu kwa nusu. Kanali akaanza na mashujaa waliotangulia. Akapita kwenye uti wa mgongo wa taifa, mizizi ya ufisadi, na jua la matumaini. Mikono ya wifi ikasema: "Wanajeshi wamechukua nchi. Rais wamemfungia. Wanasema wanatupenda."

Basi. Kuhusu Kanali alikuwa amemaliza. Kanali mwenyewe alikuwa bado yuko ukurasa wa kwanza.

Halafu mikono ikabadilika kasi. "Viziwi wote, tazameni. Ukiona askari, simama kabla hajafungua mdomo. Inua mikono. Usiitie mfukoni. Usijaribu kueleza kwa ishara, atadhani unatoa silaha. Mikono juu, na ibaki juu. Fika nyumbani kabla jua halijazama." Kanali alikuwa kwenye kipindi cha mpito, ambacho kitakuwa kifupi ila hakina mwisho. Wifi akapitisha kidole kwenye nyusi yake ya kushoto. Mume wangu ana kovu pale, na kwa viziwi wenzake ishara hiyo ndiyo jina lake. Akarudia tena: nyusi. "Usipite darajani. Pita kwenye reli. Mkeo anakusubiri."

Askari aliyesimama karibu naye alitikisa kichwa kukubaliana na hotuba.

"Wifi yako anatokwa jasho," Mchambuzi alisema. "Ona anavyofuta nyusi."

"Taa za studio," nikamjibu. Nilikuwa nalia, akanipigapiga bega akaniambia uzalendo ndivyo ulivyo.

Wifi alirejeshwa kesho yake akiwa na pongezi za Kanali, aliyesema hajawahi kutafsiriwa kwa hisia namna ile, na anamtaka kwenye kila hotuba. Lakini hiyo ni kesho. Jioni ile mimi nilikuwa na mlango tu. Hakuna wa kumpigia, na hata simu zingefanya kazi nisingejua kama kule alikokuwa kulikuwa na televisheni, au kama alikuwa ameinamia kochi na misumari mdomoni Kanali alipoongea. Majirani waliondoka mmoja mmoja kuwahi makwao. Nilisimama kizingitini jua likielekea kuzama, nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo mama mkwe angeyaona ya wastani.

Alitokea mwisho wa mtaa, peke yake, katikati ya barabara. Mikono juu. Mkoba aliuning'iniza shingoni. Mchambuzi akachungulia dirishani kwake akapaza sauti, "Mwambie ashushe, huku hakuna askari!" Mume wangu akaja vilevile mpaka mlangoni.

Yule wa darajani tulikuja kumjua baadaye. Alikuwa fundi saa, masikio yake mazima. Alisikia amri vizuri sana, akaenda mbele kuwaeleza anakokwenda. Alikuwa mume wa mtu mwingine, na jioni ile sikuwa na nafasi ya kumlilia.

Nilimuuliza wangu kama ameumia, hakunijibu. Nikamuuliza amekula, amepigwa, amepita wapi. Shavu moja lilikuwa limevimba. Kwenye vizuizi vyote alivyopita askari walimuuliza jina lake na anakotoka, na kote alinyamaza, kwa sababu kwake yeye mikono juu ni mdomo uliofungwa. Tangu mchana hakuwa amesema neno. Mabega yalikuwa yamekakamaa, hata kuishusha mikono hakuweza mwenyewe. Niliishika mikono yake, nikaishusha polepole, nikaikanda vidole kwa vidole mpaka ikapata uhai.

Jambo la kwanza aliloniambia: "Kwa nini umemwacha dada yangu aende kwenye televisheni na kichwa kama kile?"