Mizizi Niliyoificha Kliniki

Mtafiti alikuja kwetu Ilongero wiki ya tatu baada ya kumzika binti yangu. Mtoto alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na damu yake ilikuwa kwenye utafiti wao.

"Pole sana, mama," alisema. Alinieleza kwamba kompyuta yao hukadiria jinsi damu itakavyoipokea dawa, kisha maabara huipima damu yenyewe. Kwa watoto wengine majibu yalilingana. Ya binti yangu yalikataa kila mara.

"Tulidhani tumekosea hesabu, tukazirekebisha miezi mizima. Kuna kitu kingine alikuwa anatumia?"

Kliniki waliponiuliza hivyo nilijibu hapana. Huku wengi tunajibu hapana, kwa kuogopa kugombezwa na manesi. Lakini kila asubuhi nilimchanganyia mizizi ya dawa aliyoisaga mama mkwe kwenye uji wa uwele.

Nilimwambia. Akaacha kuandika.

"Ndiyo iliyomuua?" nilimuuliza.

"Sijui, mama. Tungejua mapema tungeangalia. Imebaki kidogo nikaipime?"

Niliingia jikoni. Mama mkwe alikuwa amesikia yote. Alinipa kopo zima la mizizi.

"Mpelekee," alisema. "Na mimi nataka kujua kama nimemuua mjukuu wangu."