Haya ya Kiherehere

Siku alipopata kazi alirudi nyumbani mbio, akasimama mlangoni mwa jiko na kumtangazia mama yake cheo chake kipya kwa sauti ya mtu anayetawazwa.

"Msaidizi wa Maendeleo ya Watu Wazima, Ratiba Nyumbufu!"

"Ratiba ya nyumbu?" mama aliuliza, bila kuacha kumenya viazi.

"Nyumbufu, mama. Maana yake inapindika. Wiki hii naingia asubuhi, wiki ijayo jioni, kutegemea ninayemsaidia anahitaji nini."

"Yaani kibarua."

"Mama!"

"Sijakataa, mwanangu. Hata nyumbu nao wanahamahama."

Mama huyo huyo ndiye aliyempa binti yake jina la Kiherehere tangu utotoni, na jina likamkaa mwilini kama ngozi. Lilimfaa. Alikuwa mtoto wa kuwafungia wenzake vifungo vya mashati bila kuombwa, na alipokua akawa mtu wa kualikwa chakula kisha kukutwa jikoni kwa mwenye nyumba, anaosha vyombo ambavyo wengine bado wanavilia. Mtu akisita kidogo akitafuta neno, yeye humtajia. Kama silo, humtajia jingine, na jingine, mpaka msemaji mwenyewe anasahau alitaka kusema nini.

Sasa mtu huyo akapewa kazi ambayo siri yake yote ni kutosaidia.

Ndivyo ilivyokuwa. Kuna watu wazima ambao kujifunza kwao huchukua muda mrefu kuliko kwa wengine, na kazi ya Kiherehere ilikuwa kuwasaidia wajifunze wanachotaka wao wenyewe: kupika, kuvuka barabara, kufanya kazi ya mshahara. Unaikata kazi vipande vidogo. Unakionyesha kila kipande. Kisha unakaa pembeni, unamwacha mtu ajaribu, akosee, arudie, na wewe humalizii. "Mikono yako ndiyo adui yako," msimamizi alimwambia mapema kabisa, baada ya kumwona akimkorogea mtu chai.

Kumwajiri Kiherehere kwa kazi ya namna hiyo ni sawa na kumwajiri mlevi awe mwonja pombe asiyemeza. Alilijua hilo, na alikuwa wa kwanza kujicheka. Alianza kushona sketi zenye mifuko ili mikono ipate pa kuishi. Mifuko iliposhindwa, akawa anaikalia mikono yenyewe, kama kuku anayeatamia, mpaka inakufa ganzi na akisimama hawezi hata kushika kalamu. Lakini alishinda. Ilifika siku akamtazama mtu akihangaika na kifuniko cha chupa muda wa kutosha kuivisha maharage, na hakunyoosha hata kidole. Usiku huo alilala na kichwa kimevimba kwa sifa alizojipa mwenyewe.

Ndipo alipopangiwa Chifu.

Chifu alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mvi chache kidevuni, aliyeishi na dada yake mkubwa katika vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji. Jina alilipata kwa mwendo wake: mikono nyuma, kifua mbele, akiikagua barabara kana kwamba yeye ndiye aliyeijenga. Jambo ambalo wengine hulishika kwa kuonyeshwa mara moja, yeye alilihitaji wiki kadhaa. Lakini likishaingia, halikutoka tena.

Alitaka kazi. Aliwahi kupelekwa kujaribiwa kwenye tanuri la mikate, na kabla ya mchana wakamwambia arudi nyumbani. Alirudi, akaingia ndani, na hakutoka nje ya mlango wa dada yake mpaka mvua za mwaka ule zilipoanza na kwisha. Safari hii kulikuwa na dobi mtaa wa pili, mwanamke aliyefua mashuka ya nyumba ya wageni, akahitaji mtu wa kuyakunja. Alikubali kumtazama Chifu siku moja.

"Mwalimu," Chifu alimwambia Kiherehere, "wakinikataa na huko, basi. Sitoki tena."

"Mimi si mwalimu, kaka. Mimi msaidizi tu," alijibu Kiherehere, huku jina likimteremka kooni kama asali.

Dada yake Chifu hakuwa na asali ya kumpa. "Mdogo wangu anaelewa anavyotazamwa na watu," alisema, akiwa ameegemea mlango na mikono kifuani. "Akirudi kama alivyorudi mara ile, utakuja kumtoa ndani wewe. Mimi nilijaribu, nguvu ziliniishia."

Basi wakaanza, sebuleni, kwenye meza ya kulia, na shuka kuukuu la dada.

"Haya, kaka, tandaza. Safi. Haya, pembe kwa pembe. Siyo hiyo, nyingine... ndiyo. Haya, pitisha kiganja. Haya, kunja."

Wiki zikapita. Maelekezo yakapungua, kama inavyotakiwa. Kiherehere akaacha kusema pembe, akaacha kusema kiganja, akaacha kusema kunja. Mikono ilikuwa chini ya mapaja, salama.

"Haya," alisema, na Chifu akatandaza. "Haya," na pembe zikakutana. "Haya," na kiganja kikapita juu ya kitambaa taratibu, kama kinapapasa shavu la mtoto. "Haya," na shuka likawa mraba ulionyooka kuliko meza yenyewe.

"Umeona?" Kiherehere alimwambia dada mtu. "Simgusi. Simwambii kitu. Anafanya mwenyewe!"

Dada mtu alimtazama kidogo. "Kweli," alisema, "humgusi."

Siku ya siku ikafika. Chifu alivaa shati jeupe, na Kiherehere akavaa wasiwasi. Duka la dobi lilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango wazi barabarani, kimejaa mvuke na harufu ya pasi ya moto. Dobi mwenyewe alikuwa mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alimpa Chifu meza, akamwonyesha lundo la mashuka, kisha akageuka.

"Na wewe, binti, unakaa wapi?"

"Hapa pembeni tu, mama. Sitasema kitu. Wala hutajua kama nipo."

"Nimeshajua. Unamkodolea macho kama mtihani ni wako. Nataka kumwona yeye, sitaki kukuona wewe ukimwona yeye. Nenda ng'ambo, kwa fundi viatu, ana benchi."

Kiherehere alikwenda ng'ambo. Barabara ilikuwa nyembamba. Kutoka kwenye benchi la fundi viatu aliweza kuona meza, mikono ya Chifu, na shuka la kwanza likiwa juu ya meza bado limejikunyata.

Chifu aliweka viganja viwili juu ya shuka. Akasimama.

Akaendelea kusimama.

"Yule mgeni wa dobi vipi?" fundi viatu aliuliza, misumari midomoni. "Ameganda kama picha."

"Anajipanga," alisema Kiherehere. Anaogopa, alijiambia. Watu wageni, mvuke, kelele. Alikalia mikono. Mikono ilikuwa na adabu zake. Ni moyo tu uliotaka kuvuka barabara bila yeye.

Simu ya dobi ikalia.

"Haloo, shemeji!" Sauti ilivuka barabara bila shida yoyote. "Kochi? Limefanya nini? Haya..."

Chifu akatandaza shuka.

"Haya, shemeji, nimesikia, halipiti mlangoni. Haya..."

Pembe zikakutana.

"Haya, sasa si mling'oe miguu! Haya! Haya, msilitupe! Haya, haya, haya!"

Chifu alikuwa akikunja sasa kama anayefukuzwa, kiganja hakijafika mwisho wa kitambaa tayari pembe zinageuzwa, shuka la kwanza likaisha, la pili likarushwa mezani, jasho likamlowesha lile shati jeupe.

"Eh!" fundi viatu akatema misumari mkononi. "Kumbe ana mashine!"

"Haya, shemeji, baadaye," alisema dobi, akaweka simu mfukoni. Chifu akakunja mkunjo wa mwisho. Akasimama.

Hapo Kiherehere akaelewa. Katika lugha yetu neno lile moja lina kazi mbili, na pale kwenye benchi alizipata zote mbili kwa mpigo: haya aliyokuwa akiisema, na haya aliyoiona. Wiki zote zile alikuwa ameifunga mikono jela na kuuachia mdomo nchi nzima. Hakumfundisha Chifu kukunja mashuka. Alimfundisha kukunja mashuka akiambiwa haya. Na kwa kuwa kilichoingia kwa Chifu hakitoki, kimeingia hicho.

Alijiona miaka ishirini ijayo, mvi kichwa kizima, yuko kwenye benchi hilo hilo, siku baada ya siku anapiga kelele za haya kuelekea ng'ambo, mpaka pensheni.

Chifu alikuwa na shuka la tatu mkononi sasa, halijatandazwa. Hakuliondolea macho. Hakusogea. Dobi alianza kumtazama, kichwa kimeinama upande, na Kiherehere aliujua mtazamo ule: ndio uliokuja kabla ya "mwambie arudi nyumbani." Kwa hiyo akafanya alichozaliwa kufanya. Alisimama juu ya benchi la watu, akaweka mikono mdomoni na kupiga kelele:

"Hayaaa!"

Mwenye mkokoteni aliyekuwa akisubiri nafasi ya kuvuka akajitosa barabarani. Baiskeli ikapiga breki, kengele ikalia, gunia likadondoka.

"Haya nini, wewe mwanamke?" mwenye mkokoteni alifoka. "Unataka niuawe?"

"Siyo wewe, kaka! Samahani! Siyo wewe!"

Chifu, aliyelengwa, hakutikisika hata ukope.

Kiherehere alivuka kati ya gunia na matusi, akaingia dukani kabla dobi hajamkataza. "Mama, kosa ni langu, si lake. Nimemfundisha vibaya, nilidhani simwambii kitu kumbe kila hatua nasema haya, sasa anasubiri haya, ndiyo maana ulipoongea na simu alikwenda mbio, siyo kwamba hajui, anajua kabisa, nipe wiki moja tu nimwondolee hiyo..."

"Mwalimu," alisema Chifu.

"...haya, halafu nimrudishe, utaona..."

"Mwalimu. Nyamaza kidogo. Nafikiri."

Alinyamaza. Lilikuwa jambo geni kwake hata masikio yakamlia. Chifu aliliinua shuka kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Karibu na pindo kulikuwa na doa la manjano, si kubwa, lakini lipo. Hilo halikuwamo katika mafunzo. Shuka la sebuleni halikuwa na doa, na Kiherehere hakuwahi kuwaza kwamba mashuka ya watu yanaweza kuwa nalo. Kumbe Chifu hakuwa akisubiri sauti ya mtu. Na yeye Kiherehere, akiwa amegundua kosa lake moja, alikwishaamua kwamba kila kitu duniani kimesababishwa na yeye.

"Nikunje, au nisikunje?" Chifu aliuliza. Alimuuliza dobi.

Kiherehere alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu matatu, yote yamepanga foleni nyuma ya meno.

"Wewe unaonaje?" alisema dobi.

Chifu alifikiri. Simu ya dobi ikalia tena mfukoni, na safari ile dobi hakuigusa. Pasi ikafuka mvuke peke yake.

"Mtu atalalia hapa," Chifu alisema hatimaye. "Atalala na doa. Nisikunje."

"Basi liweke kwenye karai pale."

Akaliweka. Akarudi mezani, akachukua shuka jingine, safi, akaweka viganja viwili juu yake. Akasimama. Safari hii alikuwa akisubiri kweli, na wote wawili waliliona. Akamtazama Kiherehere. Kiherehere alibana midomo mpaka ikawa mstari. Chifu akamtazama dobi. Dobi akatazama dari. Kisha midomo ya Chifu ikacheza kidogo, kama ya mtu anayesoma kimoyomoyo, na akatandaza.

Alikunja lundo lote namna hiyo. Taratibu mno.

"Ana mwendo wa konokono," dobi alisema mchana, akipapasa mraba wa juu kabisa. "Lakini kazi yake inakaa. Yule aliyekuwapo kabla yake alikuwa akinikunjia mpaka na madoa, mimi ndiye ninayesikia maneno ya wageni. Aje Jumatatu, nusu siku. Akizoea, tutaongeza." Akamnyooshea Kiherehere kidole. "Ila wewe, binti, hapa dukani nisikuone mpaka siku utakayoleta nguo chafu."

Hivyo Kiherehere akawa amefukuzwa kwa kufaulu, na akashindwa kujua alie au achinje kuku. Saa zake na Chifu zingepungua kabla ya mwezi kwisha. Ratiba ilikuwa imepindika, kama alivyomweleza mama yake kwa mbwembwe, ila hakutegemea ipindikie upande huo.

Walirudi wakipita ghala la saruji, Chifu mbele, mikono nyuma. Karibu na mlango alisimama.

"Nitasema mimi," alisema.

"Utasema wewe, kaka. Mimi hata sina habari."

Dada mtu alifungua kabla hawajabisha. Alitazama shati la mdogo wake, lililolowa na kukauka na kulowa tena. Halafu akamtazama Kiherehere machoni, na sauti yake haikuwa na ukali wowote ndani yake.

"Vipi, binti? Wamemchukua?"

Neno la jibu lilikuwa fupi, lilikuwa tayari, na lilimwasha ulimini kama pilipili. Kiherehere aligeuza uso na kuanza kusoma maandishi ya ukuta wa ghala, kwa makini, kama mtu ambaye hajawahi kuona onyo la kutoegesha magari.

"Asubuhi nilivaa soksi," alisema Chifu.

"Ndiyo," alisema dada yake.

"Kisha kiatu. Kisha tukafika kwa dobi. Ana sauti kubwa." Akasimama kutafuta maneno, na hakuna aliyemtajia. "Shuka la kwanza lilikuwa jeupe."

Dada yake akavuta kigoda kutoka nyuma ya mlango, akakaa.