Saa ya Mzee Fanueli wa Ruanda

Nathanaeli alikuwa fundi saa, na kibanda chake kilikuwa Tunduma, upande ule malori yanakopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Saa za ukutani na za betri ndizo zilizomlisha. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye saa za zamani za mkononi, zile za kutiwa ufunguo kila asubuhi, na kwenye kitabu.

Kitabu kilikuwa cha watu watatu. Imelda, mwenye duka la steshenari, alipiga picha na kuandika. Clever wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alijua mashine. Nathanaeli alijua nyuso, mishale na mifuniko. Walitaka mtu anayekusanya saa za zamani, awe Lusaka au Dar, akifungua kitabu chao ajue ipi ni ya kweli na ipi ni ya kuungaunga. Sharti lao lilikuwa hili: saa haiingii mpaka wote watatu wameitazama ndani, na hakuna anayesema neno mpaka wa mwisho ameiweka chini. Saa yenye mashine ya saa nyingine, hata ing'ae namna gani, hapana.

Siku hiyo Nathanaeli alileta saa ya baba yake, mzee Fanueli wa kijiji cha Ruanda, ambayo mzee hakuwahi kumwachia aifungue. Mzee alizawadiwa na chama cha ushirika enzi zile akiwa mpima kahawa. Sasa alikuwa mtu wa kitandani, figo zimechoka, na kila aliyekuja kumwona aliambiwa habari ileile: saa yangu inawekwa kitabuni, na jina langu chini yake. Mchungaji aliambiwa mara mbili katika ziara moja. Mzee hakuwa na kingine cha kungojea.

"Leo tunafungua saa ya ukoo," Clever alitania, akimwita kwa heshima ya kwao. "Ba Nathanaeli, tukikuta panya ndani usilie."

"Panya watakuwa wa Nakonde hao, wamevuka bila kugonga pasi."

Wakacheka. Clever akavaa lenzi jichoni, akafungua mfuniko, akatazama. Kicheko kikamwisha. Akampa Imelda. Imelda akatazama kidogo tu, akamsogezea Nathanaeli huku yeye anaangalia barabarani.

Mashine haikuwa ya saa ile. Ilikuwa ya aina nyingine kabisa, imechongwa pembeni ili ikae. Na ndani ya mfuniko, pale mafundi wanapokwaruza alama zao wakimaliza kazi, palikuwa na jembe dogo. Alama ya Ipyana.

Ipyana alikuwa kaka yake, ndiye aliyemfundisha ufundi. Nathanaeli aliijua ile alama, na mashine pia aliijua. Ilitoka kwenye saa ya Ipyana mwenyewe. Mwaka ule saa ya baba ilipoingia maji, Ipyana alikaa nayo msimu mzima wa kahawa, akairudisha inatembea. Mkono wake yeye ukawa mtupu. Baba akamwuliza saa yako iko wapi, Ipyana akanyamaza, na baba akasema mbele ya wageni, "Ameinywa. Fundi mlevi huyu." Ipyana akaondoka kwenda Mkwajuni kwa wachimba dhahabu. Huko kifusi kikamfunika. Kwenye msiba wake baba alikaa kama mgeni.

"Tupige picha uso tu," Clever alisema, sasa kwa upole. "Nani atamfungulia mgonjwa saa yake?"

"Atakayeumia ni atakayenunua nyingine kama hiyo kwa kutuamini sisi," alisema Imelda. "Lakini ni baba yako, Nathanaeli. Amua wewe."

Nathanaeli akarudisha mfuniko. "Haiingii."

Njia nzima hadi Ruanda alikuwa anajitungia uongo, na alipofika akausema kama alivyoutunga.

"Shikamoo, baba."

"Imeingia?"

"Kitabu kimejaa, baba. Kurasa zimekwisha."

Mzee alimtazama. "Kimejaa. Kitabu chako mwenyewe, kimejaa." Akamgeukia Tabita, binti yake aliyekuwa akimuuguza. "Umemsikia kaka yako? Nilizaa mafundi wawili. Mmoja alikunywa saa yake, mwingine hana nafasi ya yangu."

"Baba, uji unapoa."

"Nyamaza na uji wako. Walevi hawa, wote wawili."

Angetukanwa peke yake angevumilia. Alishazoea. Lakini Ipyana hakuwa na mdomo tena wa kujitetea.

"Hakuinywa," alisema. Akaitoa saa mfukoni, akaifungua palepale juu ya blanketi, akamwonyesha jembe, akamwonyesha mashine. Alieleza polepole, kama anavyomweleza mteja. "Yako ilikufa majini, baba. Hii mashine inayoitembeza ni ya Ipyana."

Mzee hakuuliza tena habari za kitabu. Alinyoosha kidole akaligusa lile jembe, akakirudisha.

"Kwa nini hakusema?"

"Ulikuwa unaipenda ile ya ushirika."

"Mimi nilimwita mlevi." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya watu. "Mbele ya watu nilimwita."

Tabita alikuwa analia bila sauti, bakuli la uji bado mikononi. Mzee akaomba ageuzwe aelekee ukutani.

Wageni waliendelea kuja. Wakimwuliza kitabu kimefikia wapi, alijibu, "Mimi sina saa. Ile ni ya mwanangu." Wengi walidhani ni ugonjwa umepanda kichwani. Akafa kabla mahindi hayajakauka, na Nathanaeli hakuwahi kujua kama alifanya vizuri kusema.

Kitabu kilitoka. Ukurasa uliokuwa umetengewa saa ya mzee ukapewa saa ya mtu mmoja wa Nakonde, nzuri kwa kweli. Nathanaeli ndiye aliyeitolea maelezo, Imelda akiandika. Ilipofika mahali pa jina la mwenye saa akasita, Imelda akangoja, kisha Nathanaeli akalitaja jina la yule mtu vizuri, herufi kwa herufi.