Wakulima wa Ngano na Bakuli Lisilorudi

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Minneapolis, katikati ya miaka ya tisini, nilipanga chumba cha chini kwa bibi mmoja mjane kule Crystal, kitongoji cha pembeni mwa jiji. Theluji iliziba kidirisha changu, na siku nyingine sauti pekee niliyoisikia ni nyayo zake juu ya kichwa changu. Jamani, upweke unauma!

Wiki ya kwanza aliniteremshia bakuli la viazi na nyama vilivyookwa pamoja. Nilikula nikajilamba vidole. Lakini kwetu Tanga chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mimi huko chini nilikuwa na birika la umeme tu. Ningetia nini? Nikaliosha, nikaliweka. Bibi naye akawa kimya. Tukikutana mlangoni ni habari, nzuri, basi.

Kisha mwalimu akatutaka tueleze kwa nini wakulima wa Marekani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, walijiunga pamoja wakaingia kwenye siasa. Nilisoma mambo ya reli na bei ya ngano mpaka macho yakaniuma, wapi! Nikakumbuka bibi aliwahi kutaja kwamba babu yake alilima ngano. Nikapiga moyo konde, nikapanda kumuuliza.

"Reli ilikuwa moja, ghala la nafaka moja," alisema. "Wenye reli walipanga nauli, mwenye ghala alisema ngano yako mbovu. Ungemlalamikia nani? Kila mtu alijifungia kwake na madeni yake, akidhani ni uzembe wake. Siku walipokusanyika shuleni, kila mke na chungu chake cha chakula, ndipo walipojua kilio chao ni kimoja. Wakaanza kusimamisha wagombea wao."

Akaniangalia. "Na wewe, chakula changu kilikuchefua?"

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza habari ya bakuli, na kwamba mama alinilea kwa kuniambia mkono mtupu haulambwi.

"Miezi yote hii?" Hakucheka. "Nilidhani hunitaki. Ndiyo maana niliacha kushuka."

Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na upweke wake! Nilikasirika, na wa kumkasirikia sikumwona.

Akatoa unga na mafuta, akaniachia jiko. Nikakaanga maandazi, nikashuka kulichukua bakuli lake, nikalijaza mpaka juu, nikampa kwa mikono miwili. Akala moja. La pili alilishika tu.

"Kesho," akasema, "njoo mkono mtupu."