Donge la Udongo Kutoka Kosele

Kazi yangu ni kusoma mashamba ya watu waliokufa. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kueleza vinginevyo. Nimepanga vyumba viwili mjini Homa Bay, na kila asubuhi, stima ikiwepo, nafungua kompyuta na kuletewa picha za hati za ardhi za Uingereza, zilizoandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi ya kondoo. Nyingine zina umri wa miaka mia saba. Mashine huwa imeshazisoma mara moja na kukosea, nami nasahihisha. Kilatini nilikipata seminari, nilikokaa miaka minne kabla mapadri na mimi hatujakubaliana kwamba sikuitwa. Baba, Mkatoliki, alihuzunika hadi akaacha kula siku mbili. Mama ni Msabato. Yeye aliipokea habari hiyo kwa utulivu mkubwa sana.

Hati hizi zote ni ndugu. Zinaanza kwa kuwaambia walioko na watakaokuja wajue kwamba fulani amempa fulani kipande cha ardhi kilicho kati ya shamba la huyu na shamba la yule, na zinaishia na majina ya mashahidi: mhunzi, kasisi, mkwe wa mtu, msaga unga. Watu ambao pengine hawakufanya jambo lingine la kukumbukwa maishani, ila walisimama pembeni mwa shamba siku moja wakaona. Mwanzoni nilikuwa nikiwacheka. Baadaye nikawaonea wivu, maana mashahidi wetu sisi wamekufa wote na majina yao hayamo kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Shamba letu liko Kosele. Baba alikuwa kijana aliposhuka kwenye mashimo ya dhahabu ya Macalder, na alichokipata huko akakileta kwa rafiki yake, akanunua kwake nusu ya shamba. Wakapanda mikonge katikati kuwa mpaka. Mama amelima viazi vitamu upande wetu tangu alipoolewa, akivipeleka sokoni Rodi Kopany, na viazi hivyo ndivyo vilivyonisomesha, Kilatini na yote. Kaburi la baba liko humo humo, hatua chache kutoka kwenye mikonge.

Wapimaji wa serikali walipopita, kabla mimi sijazaliwa, baba alikuwa amerudi Macalder. Rafiki yake alisimama peke yake, na pande zote mbili zikaandikwa kipande kimoja, kwa jina lake. Hakuiba. Baba aliporudi, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia, akicheka, kwamba serikali imemfanya tajiri bila kumuuliza, na kwamba siku moja watakwenda bodi ya ardhi warekebishe. Siku hiyo haikufika. Nilimuuliza mama kwa nini baba hakufuatilia, akanitazama kama mtoto aliyekosa adabu mbele ya wageni.

"Ungemwambia nini?" aliniuliza. "Mtu amekuuzia shamba, mnakula naye sahani moja, halafu umwambie twende ofisini ukanipe karatasi? Huko si kumwita mwizi?"

Basi kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Rafiki alitangulia kufa, baba akafuata.

Mwaka juzi akaja mjukuu wa yule rafiki. Amezaliwa Nairobi, amefuata mambo ya urithi wa babu yake hadi mwisho, na hati miliki ikatoka kwa jina lake. Alikuwa amepata mnunuzi anayetaka shamba lote ajenge shule. Alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Aliketi, akanywa chai, akamsalimu mama kwa mikono miwili.

"Dani, mimi sina ubaya na wewe," alimwambia kwa Kiswahili, maana Kidholuo chake ni cha salamu tu. "Lakini huko ofisini shamba ni moja, na iko kwa jina yangu. Nitangoja mpaka uvune."

Nilitaka awe mtu mbaya. Ingenisaidia sana. Lakini alikuwa kijana mpole aliyemwita mama yangu bibi yake, na alimaliza chai yote.

Alipoondoka mama alifungua Biblia yake akatoa nusu ya karatasi. Ilikuwa imetoka katikati ya daftari la shule, yenye mistari iliyofifia na alama za vidole gumba vilivyochovywa wino. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ndiye aliyewaandikia baba na rafiki yake siku ya kuuziana: maneno yale yale mara mbili, kushoto na kulia, kisha akaichana katikati kwa mkono, kila mtu akaenda na nusu yake. Nusu ya pili ilifika siku ya tatu, na aliyeileta ni mjane wa yule rafiki, bibi wa huyo huyo kijana. Yeye na mama huitana nyieka, mke mwenza, ingawa waume zao hawakuwa ndugu. Alikuja na fimbo yake taratibu, akafungua karatasi ya nailoni, akaiweka mezani.

"Nyieka, hii ndiyo yenu," alisema. "Mjukuu wangu hajui. Mimi najua."

Nikaziunganisha. Kila jino la upande huu liliingia kwenye pengo la upande ule. Jamani, nilifurahi. Niliwaeleza wale mama wawili kwamba Waingereza wa zamani walifanya hivi hivi: hati iliandikwa mara mbili juu ya ngozi moja, ikakatwa kwa mstari wa meno meno, na ukitokea ubishi nusu hukutanishwa, zikikubali basi hakuna wa kupinga. Nilisema nimesoma hati kama hizo hadi macho yakaniuma, na kwamba mwalimu yule wa Kosele, ambaye hakuwahi kusikia habari zao, alikuwa na akili kama wao. Mjane alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo imeisha?" akauliza.

"Imeisha," nikamjibu, mimi mjinga.

Wakili tulimwona Migori. Alizitazama zile nusu mbili, akaziunganisha na kuzitenganisha, hata akazipiga picha kwa simu kwa sababu zilimfurahisha. Kisha akatueleza. Mauzo ya shamba la kilimo yasipopata kibali cha bodi ndani ya miezi sita yanakufa, na karatasi yake inakufa nayo. Yetu ilikufa kabla sijazaliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na mali ikapotea tukiwa na habari zote.

"Lakini kuna mlango mmoja," alisema wakili. "Mmekaa zaidi ya miaka kumi na mbili. Tunaweza kuomba korti iwapatie shamba kwa kule kukaa. Ila, mama, itabidi uapishwe, na useme mlikaa bila ruhusa ya mwenyewe. Mliingia tu, mkalima, na yeye akanyamaza."

"Na karatasi?" mama aliuliza.

"Karatasi usionyeshe mtu. Wakiiona watasema mlipewa ruhusa, na kesi itakuwa ngumu."

Mama alinigeukia aniulize kwa Kidholuo, ingawa nilijua ameelewa kila neno. "Anataka niseme baba yako alivamia shamba la rafiki yake?"

"Ni maneno ya korti tu, mama."

"Nitashika Biblia?"

"Ndiyo."

"Basi hapana," alisema, akazikunja zile nusu mbili pamoja na kuzirudisha ndani ya hiyo hiyo Biblia.

Nilimsihi mwezi mzima. Nilimpigia hesabu ya miaka yake, nikamwambia hakuna mtu wa rika lake anayeanza upya. Nilimwambia Mungu anajua ukweli. "Ndiyo maana siwezi," akanijibu. Nilimuuliza wakili kama mimi naweza kuapa badala yake, akasema aliyekaa shambani ni mama, na ushahidi ni wake. Mimi ningeapa asubuhi na jioni, kwa Biblia zote mbili, ya Wakatoliki na ya Wasabato. Sijawahi kujiona bure kiasi kile. Najua kusoma mwandiko wa karani aliyekufa kabla mzungu hajaliona ziwa letu, na sikuweza kumbakizia mama yangu matuta ya viazi.

Msimu wa mwisho nilikwenda kumsaidia kuvuna. Yeye hakusema sana, nami kimya chake kilinitesa, kwa hiyo nikawa naongea ovyo habari za kazi. Ndipo nikamwambia kuhusu donge. Zamani huko Uingereza, nilisema, kuandika hati hakukutosha. Mwenye shamba na mpokeaji walikwenda shambani mbele ya mashahidi, mwenye shamba akachimbua donge la udongo lenye nyasi na kulitia mkononi mwa mwenzake. Hapo ndipo shamba lilipotoka kwa huyu likaenda kwa yule.

Mama aliacha kupangusa kiazi alichokuwa nacho. "Na asipolitia mkononi?"

"Shamba halijatoka."

"Hata kama karatasi imeshaandikwa?"

"Hata kama."

Akarudia kiazi chake. Sikumwambia kwamba desturi hiyo ilikufa huko huko kwao, wala kwamba hakuna korti ya Kenya itakayouliza donge liko wapi. Nilidhani ni hadithi tu ya kupitisha mchana.

Alihama Jumapili asubuhi, kwa sababu Sabato hasafiri. Yule kijana alikuja kusaidia, akabeba kitanda mwenyewe hadi kwenye pikapu. Majirani walisimama kando, na mjane alikaa kwenye kigoda akiwa amefunika kichwa kwa leso. Vitu vilipokwisha kupakiwa, mama alikwenda kaburini. Aliinama, akachimba kwa vidole, akainuka na donge la udongo lenye nyasi zake. Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Kwetu ukiliacha kaburi unaweza kubeba udongo wake, mtu wako asibaki peke yake, na mimi pia nilidhani ndilo analofanya.

Kijana alivua kofia, akamsogelea na kunyoosha mkono wa kulia.

"Dani, kwaheri. Unibariki."

Donge lilikuwa katika mkono wa kulia wa mama. Ningetarajia alihamishie kushoto. Hakulihamisha. Alikunja ngumi juu yake hadi chembe zikapenya katikati ya vidole, kisha akamnyooshea kijana kifundo cha mkono, kama tunavyosalimiana mtu akiwa na mkono mchafu. Kijana akakishika kwa heshima, akakitikisa. Mama akambariki, kwa maneno mazuri na marefu. Nadhani mimi peke yangu niliona alichonyimwa, na hata mimi nilikielewa tukiwa tumeshafika Rodi Kopany.

Sasa anakaa nami. Udongo umo kwenye kopo la siagi dirishani, kando ya kompyuta, na zile nyasi bado hai kwa sababu anazimwagilia kila siku kabla sijaanza kazi. Mikonge imeng'olewa. Kaburi wameliacha, kwa sasa. Jana nilisahihisha hati ya mjane mmoja wa Kiingereza aliyeiachilia sehemu yake ya shamba la marehemu mumewe, mbele ya mashahidi saba. Mama aliniuliza huyo mwanamke alikwenda kukaa wapi. Nilipekua mistari yote. Hati hazisemi.

Asubuhi hii alimaliza kumwagilia, akapangusa kingo za kopo kwa kidole, akaniuliza anachoniuliza karibu kila siku.

"Wuoda, mwanangu, bado shamba halijatoka?"

Nami, ambaye sijaapishwa na mtu, namjibu kwamba bado.